Maisha ya Mzee Yotamu wa Matema, Aliyesoma kwa Sauti

Kila asubuhi, kabla hajatoka, marehemu Mzee Yotamu alikohoa mlangoni. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alikuwa akimpa nafasi mkwewe Atuganile, mke wa mwanawe Mika, ajifiche. Maana kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe uso kwa uso, wala halitaji jina lake. Atuganile akishapita nyuma ya ukuta wa mianzi, mzee aliketi upande wa pili akasoma kitabu kwa sauti, na mkwe akasikiliza huku akipepeta mchele.

Alizaliwa Ipinda yapata mwaka 1872, kabla bendera ya Mdachi haijafika. Shule ya misheni alisoma misimu miwili tu, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1899. Kusoma kwenyewe alijifunzia bandarini Mwaya, alikopakua mizigo. Karatasi zilizofungia chumvi alizinyoosha kwa kiganja akazisoma. Wenzake walimtania: "Yotamu, tupe karatasi tuwashie moto." Akawajibu: "Moto wenu utazimika kabla sijamaliza mstari."

Gazeti la serikali alilisoma hadi mwisho, kisha akauliza, "Wametuambia Kaizari ameamkaje. Sisi tumeamkaje, nani ataandika?" Alisema Kidachi ni lugha ya kuamrishwa, Kiswahili ya kudaiwa kodi, Kinyakyusa ya kulilia; siku tutakapoamrisha kwa Kinyakyusa na Mdachi akalia kwa Kidachi, ndipo tutasema tumesoma. Watu walicheka, kisha wakatazama nyuma.

Mwaka 1893 alimwoa Marta, mfinyanzi wa hapa ufukweni mwa ziwa. Mama Marta husimulia: "Aliniuliza chungu changu kinasema nini. Nikamwambia kinasema kachote maji." Vyungu hivyo vilivuka kwa mtumbwi hadi Karonga, kwa Waingereza, vikarudi vitabu vya Kiingereza.

Agosti 1914 vita vilipoanza, vitabu vya adui vikawa kosa. Mdogo wake Hezroni alimsihi, "Kaka, choma. Watakuita jasusi."

"Nikichoma hivi leo, kesho wataniambia nichome nini?"

Mzee alifariki Desemba 1915 kwa kuhara damu, akiwa mfungwa aliyefanywa mpagazi wa jeshi katika njia ya Iringa, akazikwa hukohuko. Habari hizo alizileta mwenzake Lazaro, aliyerudi mwaka huu baada ya Wadachi kukimbia. Ndiyo maana leo tunazika mkeka wake badala ya mwili. Ameacha mjane wake Mama Marta, watoto wake Mika na Andongwisye, mdogo wake Hezroni, mkwewe Atuganile, na mjukuu mmoja ambaye hakumwona.

Namna alivyoondoka ni hivi. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 1915, askari wawili walifika na Asajile, tarishi wa jumbe. Mzee alikuwa ndani, na nyuma ya nyumba njia ya migombani ilikuwa wazi hadi mlimani. Askari walivikuta vitabu kwenye ukuta wa mianzi, na Atuganile peke yake, mimba ikiwa imeshaonekana.

"Vya nani?"

Atuganile akainamisha kichwa.

"Mwenye nyumba anaitwa nani? Bibi, umemeza ulimi?"

Asajile aliujua mwiko, ila alitazama ziwa. Askari mmoja akakunjua kamba ya kumfungia. "Basi ni vyako. Utavibeba mwenyewe hadi bomani."

Akamshika mkono. Atuganile bado hakulitaja jina.

Hezroni, aliyekuwa ndani pia, alinong'ona, "Kaka, pita migombani. Upite sasa."

Mzee Yotamu alitoka kwa mlango wa mbele, bila kukohoa.

"Mwachie," alisema. "Jina langu kwake ni mwiko. Mimi ni Yotamu. Vitabu ni vyangu."

Atuganile alitaka kujifunika nguo usoni. "Usinipishe leo, mwanangu," mzee akamwambia. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Ndaga," Atuganile akasema, yaani asante, na hakuongeza jina.

Wakamfunga mzee, wakamtwika vitabu vyake kichwani. Akashika njia ya Mwaya mbele ya askari, wala hakurudi tena.

Bwana ampumzishe huko alikolala.