Mchungaji, Mtawa na Sala Iliyowashinda

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja kutufuta machozi. Kabla sijasoma, niseme jambo moja. Wasifu uliomo kwenye ratiba mliyoshika ni mfupi, kwa sababu kamati ya mazishi iliupunguza. Mimi ni dada yake marehemu, tumenyonya ziwa moja, nami nitausoma mzima.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mama aliyekuwa mzee wa kanisa. Alitanguliza miguu. Mama alikuwa akisema kwamba tangu siku ile hakuna jambo alilokubali kulifanya kama wenzake. Jina la Subira alibandikwa shuleni kwa kejeli, maana subira yenyewe hakuwa nayo hata chembe.

Alisoma shule ya msingi na sekondari karibu na karakana ya baba, kisha mwaka 1972 akajiunga na chuo cha uchungaji. Huko mwalimu mmoja alizimaliza dini zote za Mashariki kwa kipindi kimoja, kabla ya chakula cha mchana. Marehemu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umewahi kuketi na hata mmoja wao?"

"Sihitaji kuonja sumu ndipo nijue inaua."

"Na aliyekwambia ni sumu, yeye aliionja?"

Alitolewa nje. Alihitimu mwaka 1976, kwa alama ambazo baba hakupenda kuulizwa na wageni.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani, wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu. Wifi hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Marehemu alipoanza mambo ya kukaa kimya hospitalini na mtawa wa Kibudha, ambaye nitamfikia sasa hivi, alimwambia, "Nyumbani hujawahi kunyamaza hata chai ikipoa. Huko hospitali unanyamazaje saa nzima?"

Baada ya kuhudumu katika sharika mbili, mwaka 1988 alipelekwa kuwa mchungaji wa hospitali. Wengi waliona ameshushwa. Yeye aliipenda kazi ile kuliko mimbari. Siku moja fundi saa mmoja, Mbudha, alikuwa anakata roho wodini, na mtawa aliyeitwa na familia alizuiwa mlangoni kwa sababu ya joho lake la rangi ya machungwa. Marehemu alimshika mkono akampitisha, huku akimfokea mlinzi. Walipofika kitandani akaanza kuomba kwa sauti, kwa urefu, kama kawaida yake. Alipomaliza, mtawa akamuuliza kwa upole, "Mchungaji, ulikuwa unaomba au unamfundisha Mungu kazi?"

Alikasirika mno. Hakumsalimia kwa muda mrefu. Kisha akamfuata mwenyewe hekaluni, wakagombana vizuri, na tangu hapo wakawa chanda na pete.

Nawaomba mnielewe hapa, maana ndipo mlipomwelewa vibaya. Kaka yangu hakuwahi kusema dini zote ni sawa. Wakati mmoja aliandaa mazungumzo katika chumba cha mikutano cha hospitali. Viti vingi vilibaki vitupu. Wakristo waliofika walikuja kuwaokoa Wabudha, na Wabudha walikuja kwa adabu tu. Mama mmoja msomi akasimama, akasema sote ni mito inayoingia bahari moja. Marehemu akapiga meza. "Mama, si kweli! Mimi nasema yuko Muumba, mtawa huyu hasemi hivyo. Ukisema zote ni sawa, hujaisikiliza hata moja."

Mtawa akacheka, akasema, "Leo tumekubaliana."

Walichotafuta kilikuwa kidogo: sala moja ambayo wote wawili wangeweza kumwambia mgonjwa bila mmoja wao kudanganya. Waliiandika kwa miaka. Mtawa alifuta "Bwana". Marehemu alifuta kila kilichonukia kuzaliwa upya. Mtawa alisema mafundisho yao yanaanza kwa kujitakia mema mwenyewe, kisha jirani, na mwisho adui. Marehemu akajibu, "Sisi tumeambiwa tumpende adui, tukamrukia yeye kwanza, ndiyo maana tunashindwa." Wakafuta na hayo. Mwishowe yalibaki maneno matatu: "Usiogope. Tuko hapa." Wote wawili walisema wameshindwa.

Wazee wa kanisa walimwita. Mmoja akamwambia fahali wawili hawakai zizi moja. "Basi tuhesabuni ng'ombe wa maziwa," akajibu, na jibu hilo halikumsaidia. Hekaluni nako mtawa alionywa kwamba anatumiwa kama chambo. Chumba kidogo walichopewa hospitalini, cha kukaa kimya na ndugu wa wagonjwa, kilifanywa stoo ya magodoro mwaka aliostaafu, 2013. Aliandika malalamiko, akaenda, akarudi. Magodoro yamo hadi leo.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa kusukuma damu. Alivimba miguu, akalala akiwa amekaa. Machi mwaka huu hali ilipokuwa mbaya, ni wifi aliyempigia mtawa simu. Alimwambia, "Njoo umnyamazie mwenzako." Mtawa alipoingia, mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akiongoza nyimbo, aliacha kuimba.

"Mama mchungaji, ama yeye ama mimi."

Marehemu akavua barakoa ya oksijeni. "Kaeni wote, au tokeni wote. Mnanimalizia pumzi."

Mzee alitoka. Nilimfuata hadi ngazini nikimsihi, hakugeuka. Kaka yangu alifariki asubuhi ya tarehe 14, mkono mmoja umeshikwa na mkewe, mwingine na mtawa, na maneno yale matatu yeye na mtawa waliyasema kwa pamoja. Mimi nilikuwepo. Hakuogopa.

Aya hiyo ndiyo iliyokatwa na kamati.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi dada yake. Ameacha pia rafiki, ambaye kamati imemketisha nje ya turubai, juani, pamoja na waliochelewa. Baba mtawa, njoo mbele. Wifi amekusogezea kiti. Utaweka udongo baada ya watoto, na mwenye neno aje aniambie mimi.

Kaka, umechoka, na haki yako kuchoka. Mungu wako akupe amani tuliyokunyima. Pumzika, ugomvi tuachie sisi.