Usikunje Mkeka wa Kabula

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji. Baba Paroko na Sheikh wetu, mliokaa benchi moja na kumteta Kabula tangu asubuhi. Ndugu DJ Sostenes, mwenye banda hili la video. Dada Scolastika, mchoraji wetu na mwenye siku yake. Ndugu wageni waalikwa kutoka Shinyanga mjini, hasa ninyi wa Kambarage mliofika kabla ya wenyeji. Wachimbaji, wafanyabiashara, waendesha bodaboda mliozima pikipiki na ninyi ambao hamjazima. Mabibi na mabwana: mwadila!

Sijasikia. Mwadila! Haya, sasa nimesikia.

Kwa wasionijua, naitwa Noela Maganga, mkata tiketi wa stendi ya Kahama, dirisha namba nne. Kazi yangu ni kuita watu wanaokimbia, kwa hiyo mniwie radhi, sijazoea kuongea na watu waliokaa. Nimeombwa nizindue kitabu cha tatu na cha mwisho cha katuni za Kabula. Najua baadhi yenu mnanong'ona: katika watu wote, kwa nini huyu? Si ndiye aliyetutukana kwa kipaza sauti cha stendi? Ndiye. Nimekuja kujibu mashtaka, na nimekuja na kitenge kipya.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe hukuifuata ile tamthilia ya Lango la Ukungu, nami sikulaumu, una barabara za kutengeneza. Ni tamthilia ya ng'ambo, misimu sita, ya binti anayelinda lango kati ya walio hai na wafu. Jina lake la huko hakuna aliyeweza kulitamka, ndipo DJ Sostenes, ambaye kazi yake ni kutusimulia kwa Kiswahili yale wanayosema kwa lugha zao, akampa jina la Kabula. Tangu siku ile yule binti akawa wa kwetu. Kuna watoto wawili Katoro hii wamezaliwa wakapewa jina hilo, na mmoja wao nasikia ana tabia zile zile.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho. Jamani, kuna aliyeridhika? Wapo mliosema msimu wa sita uliharakishwa, kama dereva aliyechelewa kuondoka. Wapo mliosema aliyestahili kumezwa na lango ni yule mume wake mvivu, na hapo tuko pamoja. Wapo mliouliza habari za yule mbwa aliyeachwa mlimani msimu wa nne, kwamba tangu hapo anakula nini. Lakini ugomvi wenyewe, ule uliofanya watu wa Kahama na wa Katoro wasiachiane siti ndani ya basi, ulikuwa mmoja tu: Kabula alikufa, au hakufa?

Sisi wa Kahama tuliitazama kwenye flashi, imesimuliwa na mtu mwingine. Kabula anaingia langoni ili alifunge kwa ndani, anamgeukia mama yake, anasema, "Mama, nakufa. Usinisubiri." Anafumba macho, anageuka majivu, upepo unayachukua. Tulilia, tukanawa uso, tukakubali.

Hapa Katoro je? Picha ni ile ile, majivu ni yale yale. Lakini DJ Sostenes, akiwa na kipaza sauti mkononi na banda limejaa hadi dirishani, alisema hivi, na ninayo sauti yake kwenye simu: "Hapa sasa Kabula anabadilisha nguo za safari. Anasema, Mama, natafuta mlango mwingine. Usikunje mkeka wangu."

Nguo za safari! Mtu anapeperuka hivi, unasema anabadilisha nguo? Na banda zima likapiga makofi!

Mambo yangeishia hapo kama si Dada Scolastika. Huyu mnamfahamu kwa vibao vya maduka. Yule ng'ombe anayecheka pale buchani ni wake. Alichukua maneno ya Sostenes akachora kitabu cha kwanza, Kabula akitokea upande wa pili na nguo mpya. Kahama tulicheka sana. Tukauliza, majivu yanavaaje? Kikaja cha pili, na mbwa amerudi. Kwa mbwa, Scolastika, nilikushukuru kimoyomoyo, ila sikumwambia mtu. Hadharani nilikuwa nikitangaza kila asubuhi: "Abiria wa Katoro, gari lenu lipo tayari, na Kabula amekufa, msijidanganye!"

Basi nikaja hapa Jumamosi moja saa sita mchana, flashi mkononi, nimfunge Sostenes mdomo mbele ya wateja wake. Akanivuta nyuma ya banda. Hakuwa na hasira. Akaniambia, "Dada Noela, umemwona yule wa benchi la mbele? Yule ni Mama Deusdedit. Mwanawe alifuata rashi ya dhahabu, zile mbio za wachimbaji, huko Chunya, mwaka wa tatu huu, hajapiga simu. Mimi ningemwambiaje yule mama, usinisubiri? Maneno yalifika hapa," akashika koo, "yakagoma."

Mnadhani nililainika? Sikulainika. Nilimwambia, "Kaka Sostenes, umemdanganya mama wa watu. Umempa tumaini ambalo wewe huwezi kumlipia." Nilisema kwa sauti, na nilijiona mtu wa haki sana siku ile.

Tukashindwa kuelewana, tukaamua kufanya kama Wasukuma wafanyavyo ngoma baada ya mavuno, vikundi viwili vinavyoshindana, Wagika huku, Wagalu kule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wenyewe wanatembea kwa miguu yao kwenda kwa anayewavutia, na mwenye umati ndiye mshindi. Kahama tulikuja na Hiace mbili, ngoma tatu, na mimi na kipaza sauti changu. Katoro walikuwa na Sostenes, na picha za Scolastika zimechorwa kwenye mashuka, ukubwa wa mlango. Na mbwa. Jamani, walileta mbwa wa kweli! Hiyo haikuwa haki.

Tulipigwa. Umati uliondoka kwangu kidogo kidogo, mpaka nikawaona watu wa Hiace yangu mwenyewe, akiwemo shemeji yangu Amosi aliyekaa pale anatazama chini, wakivuka kwenda kwa Sostenes. Nikabaki na wapiga ngoma, nao ni kwa sababu ngoma ni nzito.

Ndipo Mama Deusdedit akainuka upande wa Katoro. Akachukua kigoda chake, akavuka uwanja polepole, peke yake, akaja kukiweka kwangu. Akakaa.

Sostenes alishusha kipaza sauti. Mimi, badala ya kushangilia, niliweka changu chini.

Nikamwinamia, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unasema kweli, yule binti alikufa. Nilijua tangu siku ile."

"Ulijuaje, mama?"

"Si nina macho? Majivu nayajua, napika kila siku. Nilimwona Sostenes anavyotokwa jasho, nikasema moyoni, huyu kijana ananihurumia. Nikapiga makofi ili asiaibike."

Mnaona, ndugu zangu? Miezi yote hiyo Sostenes alidhani anambeba mama, kumbe mama ndiye aliyekuwa anambeba yeye! Na mimi, mtetezi wa ukweli, nilikuwa nimekuja kumtetea mtu ambaye hakuwa na haja ya wakili. Niliona aibu, na nasema leo mbele ya Baba Paroko na Sheikh, niliona aibu sana.

Mama akamgeukia Scolastika, akasema, na haya mliyasikia wote: "Sasa usiache kuchora. Sitaki unidanganye kwamba hakufa. Nataka kuona tu huo mlango mwingine ukoje. Na kama atarudi, arudi kwa basi, kama watu. Mambo ya kutokea kwenye moshi siyapendi."

Scolastika alikaa miezi mitano akichora. Kwa hiyo wale wa Kahama mtakaoniuliza kama katuni hizi ni mwendelezo halali, jibu langu ni kwamba waliotengeneza tamthilia walimaliza ya kwao kama walivyotaka, nayo tuliiona. Hii ni ya kwetu, ilianzia kwenye koo la Sostenes lililogoma. Kama Kabula anarudi au harudi sitasema, someni. Nitasema tu kwamba ukurasa wa kumi na nne kuna stendi, na mkata tiketi mnene anayefoka dirishani. Nimemtambua. Tutaongea, Scolastika.

Mheshimiwa, nakala ya kwanza utamkabidhi Mama Deusdedit. Ya pili naomba mnipe mimi. Si yangu. Nimemwomba Scolastika aiandike jina la Deusdedit kwa zile herufi zake za vibao, nyekundu yenye kivuli, nami nitaitundika dirisha namba nne. Kila anayerudi huku kutoka kwenye rashi za kusini hupita Tabora na kushuka Kahama.

Na mama, kuna jambo sijakwambia. Tangu siku ile ya uwanjani, basi la kutoka Tabora likiingia, kabla sijaita Katoro wala Ushirombo, naita jina la mwanao. Mara tatu, kwa kipaza sauti kile kile nilichomzikia Kabula. Wenzangu wamezoea, wapagazi nao siku hizi wananisaidia. Sisemi yupo, mama, wala sisemi hayupo. Uongo siuwezi, unanijua. Mimi naita tu. Na wewe mkeka usiukunje.

Namshukuru Mheshimiwa Diwani, nawashukuru viongozi wa dini, nakushukuru Sostenes kwa kusema vibaya mahali pazuri, na ninyi nyote mmenisikiliza mkiwa mmekaa, jambo ambalo abiria wangu hawajawahi kunifanyia. Mwabeja sana. Sasa niruhusuni niondoke mapema kidogo. Basi la Tabora linaingia saa kumi.