Maisha ya Mzee Sostenes Ndahani na Risasi ya Kumi

Marehemu Mzee Sostenes Ndahani alizaliwa Ikowa mwaka 1890. Mwaka huo haukuandikwa popote. Aliuhesabu mwenyewe, kwa sababu mama yake alimwambia kuwa alikuwa anatambaa wakati ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wa Ugogo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndahani. Aliyemfuata ni marehemu Sila, ambaye watoto wake ndio wanaokaa katika kaya ile hadi leo.

Utotoni hakusoma. Alichunga. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, hapa Buigiri, baada ya vita ya Mdachi na Mwingereza, akabatizwa mwaka 1921 na kupewa jina la Sostenes. Waliokaa naye kanisani watakumbuka kuwa alisoma Biblia kwa sauti kali, kana kwamba anamsomea mtu mashtaka.

Mwaka 1908 aliingia uaskari wa Wadachi huko Kilimatinde. Hakushikwa kwa nguvu, na hakupenda jambo hilo lifichwe. Alikwenda mwenyewe kwa sababu alitaka bunduki. Miaka mitatu baadaye alikuwa ombasha, yaani koplo, katika boma la Dodoma, na katika kikosi chake kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kushindana naye kwa shabaha. Mtu huyo alikuwa Yahaya Abbasi wa Kondoa. Hawakupendana hata kabla ya kuwa na sababu.

Sababu ilikuja mwaka 1912. Ikowa ilichelewa kutoa watu wa kubeba mizigo, na bwana mkubwa wa boma akatuma askari wachukue ng'ombe kuwa faini. Marehemu hakuwa katika kikosi kilichokwenda, lakini alivaa nguo zile zile walizovaa waliokwenda, na kwa watu wa Ikowa hilo lilitosha kumlaumu. Wadachi walihesabu ng'ombe wote wa zizi la Mzee Ndahani kuwa ni mali yake. Kila Mgogo anajua kuwa zizi la mtu mmoja hulaza ng'ombe wa watu wengi, kwa kuwekeshana, ili ugonjwa au wezi wakija mtu asipoteze wote. Hivyo Mzee Ndahani hakunyang'anywa ng'ombe wake tu. Alinyang'anywa wa shemeji zake, wa jirani zake na wa wajane wawili waliomwamini.

Wengi wa ng'ombe hao waliliwa bomani. Walipobaki wanne, bwana mkubwa alitangaza kuwa watakuwa zawadi ya mashindano ya shabaha ya askari, katika sikukuu ya Wadachi ya tarehe 2 Septemba. Marehemu aliwatambua wote wanne. Mmoja alikuwa wa mama yake. Watatu walikuwa wa kuwekeshwa. Alituma salamu Ikowa kuwa atawarudisha.

Septemba ni mwezi wa upepo Dodoma, kama mnavyousikia sasa Agosti ilivyokwisha kuingia. Mbao za shabaha zilisimamishwa mita mia nne kutoka kwa wapigaji, zikipishana hatua chache. Upepo ulitoka mashariki, mkono wa kulia. Bunduki za askari zilikuwa zile za zamani za moshi, na risasi zake nzito na za polepole zilichukuliwa na upepo kama kitu chepesi. Wengi walilenga mbao zao na kupiga mchanga. Marehemu alifanya jambo lingine. Ubao wa Yahaya ulikuwa kulia kwake, upande unakotoka upepo. Akalenga ubao wa Yahaya, na upepo ukaleta risasi kwenye ubao wake mwenyewe.

Yahaya, aliyelala chini hatua mbili kutoka kwake, aliona mtutu ulipoelekea.

"Ombasha, umepotea njia," alisema. "Ule ni wangu."

"Lala na bunduki yako."

"Nimelala. Ila ukinitoboa ubao usije ukanidai."

Alipiga hivyo mara tisa, na mara tisa risasi zilifika nyumbani. Yahaya alikuwa nyuma yake kwa alama, kwa kuwa matundu yake yalikuwa mbali zaidi na katikati. Kwa risasi ya kumi, Mdachi aliyesimamia aliinua fimbo. Aliyechelewa kupiga kabla fimbo haijashuka alihesabiwa kuwa amekosa. Wakati huo upepo ulikata, na vumbi lililokuwa likivuka uwanja likalala chini. Marehemu aliliona. Alisema mara nyingi kuwa aliliona vizuri kuliko alivyouona uso wa mkewe siku ya ndoa. Lakini risasi tisa zilikuwa zimemwambia alenge pale, naye akalenga pale. Risasi ilikwenda moja kwa moja, ikaingia katikati kabisa ya ubao wa Yahaya.

Watu waliokaa shimoni chini ya mbao kuhesabu matundu waliinua bendera. Ubao wa marehemu ulikuwa na matundu tisa, wa Yahaya kumi na moja. Mdachi alicheka, kisha akatoa hukumu kwa kanuni za kwao: matundu kumi yaliyo bora ndiyo ya mwenye ubao. Tundu baya la Yahaya likafutwa, la marehemu likawekwa mahali pake, na Yahaya Abbasi akashinda. Hakumwambia Mdachi kuwa tundu la katikati si lake. Aliwafungua ng'ombe wanne, akaondoka nao kwenda Kondoa.

Marehemu aliomba ruhusa, akaenda Ikowa. Mzee Ndahani alimsimamisha mlangoni pa kaya, hakumpa kigoda.

"Nimesikia umempa mtu wa Kondoa ng'ombe wa mama yako."

"Sikumpa, baba. Upepo ulikata."

"Mimi sijawahi kunyang'anywa ng'ombe na upepo. Wajane wanakuja hapa kila asubuhi, wananiangalia tu. Ng'ombe wale wakirudi katika zizi hili, nawe utarudi. Kabla ya hapo usilale hapa, hata ukiwa maiti."

Maneno hayo yaliyatawala maisha yake yote yaliyofuata. Vita ilipoisha alikaa Buigiri, akalima uwele na karanga. Wazazi wake walikufa katika Mtunya, ile njaa kubwa iliyofuata vita, na ujumbe wa mazishi ulimfikia baada ya mazishi. Mwaka 1926, baada ya kazi ya miaka mingi, aliswaga ng'ombe wanne hadi Ikowa: wazuri, wenye maziwa, wakubwa kuliko wale wa kwanza. Mdogo wake Sila aliwapokea, akawatia zizini, kisha akasema baba yao alitaja ng'ombe wale, si hawa. Ng'ombe waliingia. Yeye hakuingia. Na ng'ombe hao hakuna aliyewahi kumrudishia.

Yahaya alikuja kuwa mchuuzi wa ngozi katika soko la Dodoma, na mara moja walikutana uso kwa uso.

"Shikamoo, ombasha," Yahaya alisema, ingawa walikuwa rika moja. "Bado unalenga vya wenzako?"

"Ulijua lile tundu si lako."

"Nilijua. Ungekuwa wewe, ungesema?"

Marehemu alisimulia mkutano huo mara nyingi, na kila mara aliishia kwenye swali hilo. Hata hivyo hakumsamehe. Habari ya kifo cha Yahaya ilipofika mwaka 1958, alisema, "Kwa mita mia mbili alikuwa hodari."

Mwaka 1923 alifunga ndoa na Bibi Zipora katika kanisa hili. Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani alikuwa mkali kwa wakubwa na mpole kwa watoto. Hakuacha kamwe kupima upepo. Mtu akisema upepo umetulia, alimkatiza: "Haujatulia. Unapumua." Aliangalia kanga za Bibi Zipora kwenye kamba mpaka yeye akachoka na kumwambia, "Baba Bartolomayo, hizo ni nguo zangu, si bendera ya Mdachi." Alicheka siku hiyo, na waliomwona akicheka si wengi.

Aliugua kifua kuanzia Machi mwaka huu. Mwezi Julai, alipoona hatapona, aliomba jambo moja tu: azikwe Ikowa, kando ya mama yake. Wanawe walikwenda kwa Ndugu Seth, mwana wa Sila, mwenye kaya. Maneno yanaandikwa hapa kama yalivyosemwa.

"Babu hakusema ng'ombe tu. Alisema ng'ombe wale," alisema Ndugu Seth.

"Wale walikufa kabla wewe hujazaliwa," alijibu Bartolomayo.

"Basi."

"Na wanne wa mwaka ishirini na sita?"

"Hao walikuwa zawadi."

Bartolomayo aliporudi na kumpa jibu hilo, marehemu aligeukia ukutani. Kesho yake alimwita tena, akasema achimbiwe hapa Buigiri, juu kidogo, mahali palipo wazi. Alifariki dunia nyumbani kwake Jumapili, tarehe 11 Agosti 1974, alfajiri.

Ndugu wa Ikowa wamekuja leo, wamepewa viti vya mbele kama ilivyo adabu. Wamekuja na sukari na sanda. Sanda tumeipokea na kuiweka. Marehemu amevishwa ile aliyoinunua mkewe. Hatusemi haya ili kugombana penye kaburi. Tunayasema kwa sababu mtu huyu alikosea mara moja, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kwa pumzi moja ya upepo. Alilipa, na waliolipwa walikunywa maziwa miaka yote wakiendelea kumfungia mlango.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Zipora. Watoto, Bartolomayo, Emilia na Hana. Wajukuu kumi na wanne na vitukuu sita. Majina ya kaya ya Ikowa hayamo humu, kwa uamuzi wa mjane.

Alale hapa kwake. Bwana amfungulie, wala asimwulize amekuja na nini.