Wavu wa Waya Kwenye Trekta la Thuwaini

Mwaka ule wa uchaguzi wa mwanzo nilikuwa nikiuza kahawa kwenye baraza moja ya Mkunazini, mjini Unguja, na baada ya alasiri nilikuwa na wateja watatu wasiokosa. Salem tukimwita Redio, maana alikuwa akisikiliza khabari dukani kwa ami yake, akifika kwetu huzitia chumvi. Mwalim tukimwita Misemo. Alikuwa na methali ya kila jambo, na haikumshughulisha kama inafaa au haifai. Wa tatu ni Machano, kwa utani Kisiki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya trekta la Bwana Thuwaini katika bonde la mpunga kule Mwera, aking'oa visiki na kuondosha miti iliyoanguka. Siku hiyo mazungumzo yalikuwa ya Usi, dereva wa trekta hilo. Alikuwa rumande, na kesho yake kesi inasikilizwa korti ya Vuga. Ameshitakiwa kuwa ameiua injini ya tajiri wake kwa kulifunga trekta wavu wa waya kifuani.

Salem ndiye aliyeanza.

— Injini kama mtu, yakhe. Ukimziba pua atakufa tu. Hilo halitaki korti.

— Ndiyo maana wakasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Mwalim.

— Kuku kaingiaje?

— Si waya wa kuku ule? Kaukata kwenye banda la kuku la mkewe. Mji mzima unajua.

— Basi ndiyo hapo, Salem alidakia. Waya ulozowea kuku ukitiwa kwenye injini, injini itaatamia. Imekaa palepale mpaka leo, haiinuki.

Tulicheka. Machano hakucheka. Alikuwa kakishika kikombe chake kwa mikono miwili, kahawa ishapoa.

— Mie nlivyosikia, Salem aliendelea, wavu ule haukuwa wa kinga hata kidogo. Ulikuwa mtego. Trekta likipita, punje zinanasa kwenye waya, jioni Usi anakung'uta mfukoni. Mpunga wa watu ule.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mwalim.

— Wakati wa kulima punje zinatoka wapi? Machano aliuliza. Bonde jeusi, majani matupu.

— Basi si punje. Kuna mtu kanambia Thuwaini mwenyewe ndiye alotaka life. Anataka kuwaondoa wakulima bondeni apande minazi. Na nyuma ya Thuwaini wapo wanaoleta mchele kwa meli. Trekta likilima, mchele wao nani atanunua? Unaona lilivyokwenda jambo? Wavu kisingizio. Hata huo uchaguzi umo ndani yake.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe, alisema Mwalim, akanyoosha kikombe nimuongeze.

Machano alikiweka chake chini.

— Usi hakuchimba kisima, Mwalim. Nyamazeni nikwambieni, maana mie nlikuwapo.

Machano si mtu wa maneno mengi, na akianza hakuangalii wewe, huangalia miguu yake.

— Mnamjua Mmanga, yule alokuwa akitangulia mbele kabla yangu. Mwaka jana trekta lilipita juu ya tawi la mpera, likaruka, likaingia baina ya zile nondo za mbele, likatoboa rejeta. Maji ya kupozea injini yamo mle, yanachemka. Usi kazima injini, kampigia kelele Mmanga asiguse. Mmanga hakusikia, kalivuta tawi. Yale maji yote yakamjia usoni. Jicho moja sasa ni kovu tupu, la pili anaona ukungu. Yuko kwao Bububu, anakaa mlangoni, mkewe akisuka ukili wa mikeka.

— Masikini, alisema Mwalim, na safari hii hakutia methali.

— Usi akenda kwa Simai, nokoa wetu, msimamizi wa shamba. Kamwambia, bwana, nondo zile ziko mbalimbali mno, za kuzuia gogo, hazizuii kijiti. Tutie wavu wa waya. Simai kamwambia trekta limetoka Ulaya na kila linachohitaji, weye una akili kushinda walolitengeneza? Akenda tena. Akenda na Mmanga mwenyewe, kamshika mkono, akauonesha ule uso. Simai kasema anaona.

— Kisha?

— Kisha kasema hapana. Nkawekwa mie mahala pa Mmanga. Asubuhi moja nafika, nakuta Usi kalala chini ya trekta na koleo, anafunga waya kwenye zile nondo kwa bolti. Nkamuuliza, umepewa ruhusa? Kanambia, Machano, weye ndiye unokwenda mbele. Kisha kakaza bolti.

Nilikuwa nataka kummiminia nikaona si wakati wake.

— Na wavu ulifanya kazi, aliendelea. Vijiti vinagonga vinaanguka. Ila ukishalima mistari michache, majani na mbegu zinajazana kwenye waya, upepo haupiti. Usi alikuwa akisimama, anashuka, anasugua kwa kumbi la nazi, anapanda. Simai akimtukana kuwa anapoteza wakati. Anasugua vilevile. Msimu mzima injini haikuchemka hata siku moja.

— Sasa imekufaje? Salem aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ile ya redio.

— Usi kapata homa, kabaki nyumbani. Simai kampandisha shemeji yake, kijana hajawahi kushika hata gari la ng'ombe. Nkamwambia, shuka usugue wavu. Kanambia mie mng'oa visiki, nitazame visiki. Kalima tangu asubuhi mpaka adhuhuri hajashuka. Wavu umekuwa kama mkeka, huoni ndani. Moshi unatoka, anaendelea. Injini ikalia, ikakamata, ikafa. Simai kaja, kautazama wavu, kasema, aloufunga huu ndiye alouwa. Jioni polisi wakenda kumtoa Usi kitandani, na homa yake.

Salem aliupiga ukuta kwa kiganja.

— Huu ndio udhalimu wenyewe. Mtu kama huyo Simai angesemwa mbele za watu.

— Akasemwe hasa, alisema Mwalim. Njia ya mwongo ni fupi.

Hiyo ilifaa. Walipandishana. Salem akasema Thuwaini hajui kitu, kadanganywa na nokoa wake, angesikia maneno haya kutoka kwa mtu alokuwapo asingelala. Mwalim akasema hakimu anataka shahidi mmoja tu. Wakasema sana, na kwa sauti, ndiyo maana hatukumwona mwanamke aliyesimama pembeni ya baraza mpaka alipotoa salamu.

— Asalamu alaykum.

— Wa alaykum salaam, tukajibu, tukajitengeneza. Si kawaida mwanamke kuja kusimama kwenye kijiwe cha wanaume. Kanga zake zilikuwa na vumbi jekundu la barabara ya shamba.

— Mie Mwatum, mke wa Usi. Samahanini. Kaka Machano, nimekwenda kwa dada yako, kanambia uko hapa. Nimesimama hapo muda, nimeyasikia ulokuwa ukiyasema.

— Naam, Bi Mwatum.

— Kesho utakwenda Vuga ukayaseme?

Machano aliiangalia miguu yake.

— Bi Mwatum, Simai ndiye alonipa kazi. Nkenda, kesho kutwa sina pa kusimama. Mie n'na watoto.

— Na Usi ana nini?

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akangoja. Akamtazama Machano, akamtazama Salem, akamtazama Mwalim. Salem alikuwa akizungusha kikombe kitupu. Mwalim alikuwa akitafuta senti za kahawa mfukoni. Mimi nilikuwa nachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Halafu alisema:

— Basi kwaherini.

Akajifunika vizuri akaondoka kuelekea Darajani, kutafuta gari la kumrudisha shamba. Siku ile kahawa ilibaki nusu dele. Nikaimwaga.

Usi alifungwa. Wanasema hakimu aliuliza kama yupo aliyeona, na hapakuwa na aliyesimama. Machano aliendelea na kazi yake. Msimu uliofuata alikuja barazani akakaa peke yake upande wa mwisho. Nilimuuliza kama trekta limepona. Akasema limepona, limetoka kwa fundi, na mbele lina wavu mpya, mzuri, umepakwa rangi. Simai ndiye aliyeuagiza.

— Nani anausugua?

— Mie.

Akanywa kahawa yake, akiangalia miguu yake.