Historia ya Mzee Micah Kiptanui arap Boinet na Kura Zake Tatu

Mchungaji, Chifu, wazee wa korti mliobaki, majirani wa Turi, Molo na Elburgon, na akina mama ambao hamjamwacha mama yetu peke yake tangu Alhamisi, nimesimama hapa kwa niaba ya nyumba ya marehemu Mzee Micah Kiptanui arap Boinet, aliyekuwa Rais wa Korti ya Waafrika kule Elburgon. Mimi ni Kipketer, mtoto wake wa tatu, mwalimu wa shule ya shamba upande wa Njoro, na mkiona karatasi hii inatetemeka msiseme ni baridi ya Molo, ni woga, na sababu ya huo woga nitaisema nikifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa upande wa Londiani, mtoto wa pili wa Mzee Boinet na Mama Chepkemboi, na tarehe yenyewe hakuna aliyeiandika, isipokuwa karani wa kodi alimwandikia mwaka 1892 na karani wa korti akamwandikia 1888, naye marehemu akachagua 1888, akisema mtu mzima hawezi kupunguziwa miaka na mtu anayemtafuta kwa ajili ya kodi. Kwa hesabu hiyo ametuacha akiwa na miaka sitini na tisa, na asiyekubali hesabu hiyo alipaswa kubishana naye alipokuwa hai, tuone kama angeshinda.

Katika ujana wake alichunga ng'ombe wa baba yake, akatahiriwa pamoja na rika lake, kisha mwaka 1909 akashuka Njoro kuchunga ng'ombe wa mzungu, na shule hakuiona mpaka mwaka 1919, alipoanza kusoma misheni akiwa mtu mwenye mke na ndevu, akakaa benchi moja na watoto waliomcheka, akavumilia hadi akamaliza kitabu cha pili, akabatizwa jina la Micah tarehe 25 Desemba 1921.

Mwaka 1922 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao Elburgon, akawa nyapara mwaka 1927, na kwa kuwa watu walikuwa wakimletea magomvi yao hata wakati wa chakula, serikali ilimteua mzee wa korti mwaka 1934, na tarehe 1 Julai 1938 akawa Rais, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita na nusu, akapewa nishani, akastaafu tarehe 31 Desemba 1954. Mliofika mbele yake mnakumbuka desturi yake, kwamba hakutoa hukumu kabla ya kuuliza kila mzee aliyeketi naye, halafu akasimama na kutangaza neno la kila mmoja kwa jina lake, fulani anasema hivi, fulani anasema vile, na mwisho kabisa akasema, na mimi Micah nasema hivi. Alikuwa akituambia nyumbani kwamba neno linalosemwa chini ya blanketi ni neno la mwizi au la mchawi, na sisi watoto tulilipia jambo hilo, kwa maana hata aliyeiba sukari alitakiwa asimame akiri kwa sauti.

Alimwoa mama yetu, Rebeka Jelagat, mwaka 1913 kwa desturi zote, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 14 Agosti 1927, wakajaliwa watoto saba, wawili wametangulia, na tuliobaki ni Kiptanui wa kwanza, dada yetu Truphosa Jerop anayesaidia wagonjwa hospitalini Nakuru, mimi, na wadogo zetu wawili ambao mnawaona pale karibu na mama, pamoja na wajukuu kumi na wanane.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwezi wa Oktoba 1956, na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, alitudanganya kwamba ni vumbi la ngano mpaka miguu ikavimba, Truphosa akampeleka hospitali, akalazwa siku kumi na tisa, na daktari akatuonya sisi sote kwamba asitoke nje kwenye baridi na asisimame muda mrefu, la sivyo hatutakuwa naye. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mzee wa ukoo aliyeuliza jana, mbele ya watu, ni nani aliyemtoa mgonjwa nyumbani, jibu lake ni hili, ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mnajua kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Waafrika tumechagua wajumbe wa kwenda Baraza la kutunga sheria kule Nairobi, na mnajua pia kwamba serikali ilitupima kwanza kama maziwa, huyu ana kura moja, yule mbili, yule hana, na baba kwa umri wake, kazi yake na nishani yake alipewa cheti cha kura tatu. Wengi walimpongeza, yeye hakufurahi, alikaa na kile cheti siku nzima akikigeuza, kwa sababu mama yetu hakupewa hata moja, na Hiram Ngigi, aliyekuwa karani wake wa korti miaka kumi na minne, aliyeondolewa huku mwaka 1953 pamoja na Wakikuyu wenzake wakati wa Mau Mau na kurudi mwaka jana, alinyimwa cheti cha uaminifu kwa serikali, na asiye na cheti hicho hawezi kupiga kura. Bwana Ngigi yuko hapa leo, amesimama kule nyuma, na nilimwomba ruhusa ya kumtaja mara tatu, akakubali mara ya tatu.

Basi baba aliamua kwamba hizo kura tatu zina wenyewe watatu. Alimwuliza mama anamtaka nani, mama akasema anamtaka yule aliyesalimia wanawake kwanza siku ya mkutano, na baba akacheka akakohoa, kwa maana yeye alimtaka mwingine. Bwana Ngigi alikataa kujibu, akamwambia, "Mzee, hiyo maneno itaniletea shida, wacha tu," akaja tena siku ya pili kutuchanjia kuni, na alipokuwa akiondoka akasema jina moja tu bila kugeuka, akaenda zake. Majina hayo sitayataja, siri ni siri, na Chifu ameketi hapa mbele.

Nilimsihi asiende. Nilimwambia nitamwita daktari aje kumkataza, akaniambia, "Mimi nimewekwa na serikali, nimeondolewa na serikali, hakuna siku hata moja mtu aliniuliza mimi nataka nani, sasa wameuliza, na wewe unataka niseme niko na kifua?" Kusema kweli niliogopa macho yake kuliko nilivyoogopa onyo la daktari.

Jumamosi tarehe 9 Machi 1957 tulimpandisha mbele kwenye lori la viazi, tukamfunga blanketi mbili, tukafika kwenye shule iliyokuwa kituo cha kura hapo Molo, mvua ikinyesha, na foleni ilikuwa ndefu. Watu walimletea kiti, akakikataa, akasema korti yake haikuwahi kumpa kiti mtu wa foleni, akasimama saa mbili na dakika kumi, nami nilizihesabu zote. Alipoingia nilikaa karibu na dirisha, kwa hiyo ninachosema nimekiona na nimekisikia mwenyewe.

Marehemu alishika karatasi zake, akavua kofia, akasimama wima kama enzi zake, akatangaza kwa sauti ile mnayoijua, "Rebeka Jelagat anasema," akataja jina, "Hiram Ngigi anasema," akataja jina, "na mimi Micah nasema," akataja jina. Watu wa foleni, wallahi, walivua kofia. Msimamizi wa kituo, kijana mpole ambaye simlaumu, aliinuka akasema, "Mzee, hapa hatusemi, hii ni siri," kisha akashauriana na mwenzake, akachukua zile karatasi tatu, akazitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake yaliyosemwa, akaeleza kwamba haziendi kwenye sanduku kwanza, zinakwenda Nakuru, ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, wakubwa waamue kama kura iliyotangazwa ni kura au si kura.

Kuanzia siku hiyo baba hakuwa na raha. Homa ilimpanda Jumapili, Truphosa akaja na dawa, lakini kila aliyeingia aliulizwa kwanza habari ya bahasha kabla ya kuulizwa hali, na matokeo yalipotangazwa hakujali nani ameshinda, alitaka kujua tu kama zile tatu zimo. Alikuwa akisema kwamba ameharibu kwa mdomo wake neno la watu wawili waliomwamini, na kwamba amewahi kuwafunga watu kwa makosa madogo kuliko hilo, na mama akimwambia anyamaze alale, alikuwa anajibu kwamba atalala Kipketer akirudi kutoka Nakuru.

Nilikwenda Nakuru. Tarehe 20 Machi nilifika hadi lango la ofisi, askari akaniuliza, "Mwalimu, iko shida gani?" nikamwambia hakuna, nikarudi. Tarehe 2 Aprili nilikwenda tena, nikafika lango lile lile, askari yule yule akaniuliza vile vile, nikajibu vile vile, kwa sababu niliwaza kwamba nikiuliza habari ya bahasha wataifungua, wakiifungua watataka kujua Hiram Ngigi ni nani na kura yake imetoka wapi, na wakimaliza naye watauliza mwalimu huyu anayetumwa analipwa na nani. Nilikaa kituo cha gari moshi hadi saa kumi, nikarudi nyumbani, na baba alipogeuza uso nikamwambia, "Zimehesabiwa, zote tatu." Alinishika mkono, akaniuliza, "Hata ya Hiram?" nikasema hata ya Hiram, akamwita mama akamwambia, akalala usingizi mzuri ambao hatukuwa tumeuona tangu Oktoba, akaendelea vizuri Jumatano yote, akanywa uji, na Alhamisi tarehe 4 Aprili 1957, saa moja na nusu asubuhi, akafariki mama akiwa ameketi kando yake.

Mama, ulilisikia jambo hili kwangu juzi jioni. Bwana Ngigi, wewe unalisikia sasa, mbele ya watu, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na nimelelewa katika nyumba ambayo kosa hukiriwa kwa sauti. Zimehesabiwa au hazikuhesabiwa, sijui. Sikuuliza. Nilimpa baba yangu hukumu ambayo hakuna korti iliyoitoa, akaiamini kwa kuwa imetoka kwa mwanawe.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru daktari na wauguzi wa Nakuru ambao onyo lao hatukulifuata, dada yangu Truphosa aliyekuja kwa mguu kutoka stesheni mara nne, dereva wa lori la viazi, watu wa foleni ya Molo waliovua kofia, wazee wenzake wa korti, majirani mliochimba kaburi kwenye udongo huu wa mvua, Bwana Hiram Ngigi kwa kuni na kwa lile jina, na namshukuru pia askari wa lango aliyeniuliza shida yangu mara mbili, maana Jumatatu saa mbili nitakuwa mbele yake mara ya tatu, na mama amesema tutakwenda wote wawili, atauliza habari ya kura yake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, baba. Mimi bado.