Nusu kwa Nusu

Kahaso alipanda tuktuk ya kwenda Muyeye kwa magongo, akamwamkia mama wa makamo aliyemkuta ndani. Mama akaitikia, kisha akamuuliza kilichompata.

"Ni maradhi ya mifupa, mama. Yangu huvunjika upesi, na ya marehemu baba ilikuwa vivyo hivyo."

"Pole, mwanangu. Watoto unao?"

"Bado. Natoka kumuuliza daktari kabla sijashika mimba. Asema mtoto aweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu. Na mimi watanichunga tangu mwanzo, huenda nikazaa kwa upasuaji."

Mama aliyatazama magongo. "Na ukimzaa aje ateseke kama wewe?"

Kahaso alikwisha kulisikia swali hilo kwa mavyaa wake, likamuuma. Huyu aliuliza bila ubaya, kwa hiyo alimjibu taratibu.

"Nimevunjika mara nyingi, mama, lakini sijapata kumlaumu baba kwa kunizaa. Yeye ndiye aliyejua kunibeba nisiumie."

"Mumeo je?"

"Aogopa kunishinda mimi. Hata kwa daktari hakuja."

Tuktuk ilisimama mbele ya duka la ushonaji. Nyale, mumewe, alikuwa mlangoni tayari. Alimpa mkono ashuke, huku akimtazama usoni, na hakuthubutu kuuliza.