Sajini Milcah Avutwa kwa Landrova

Sajini Milcah Obuya alilitumikia jeshi miaka ishirini na miwili, akastaafu Ijumaa tarehe 27 Juni 2025. Mafundi wenzake wa karakana waliniomba mimi mama yake niandike haya kwa sherehe yetu ya shukrani hapa Kangemi. Walifanya vizuri, maana wao wanamjua kwa kazi tu.

Ufundi alizaliwa nao, mtu asiniambie. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifungua cherehani yangu pale Dagoretti Corner, akairudisha yote, zikabaki skrubu mbili. Nilimchapa kidogo. Cherehani bado inashona.

Jeshini alipewa zile Landrova za turubai za miaka ya themanini, ambazo vijana hawazitaki kwa sababu hazina kompyuta. Moja ilishaandikwa iuzwe kama chuma chakavu. Milcah alilala chini yake wiki tatu, na ikapanda vilima vya Ngong bila kukohoa.

Hiyo hiyo ndiyo ikawa ya kuaga wakubwa. Jeshini mkubwa akistaafu husimama kwenye Landrova iliyo wazi, maafisa wakamvuta kwa kamba mpaka getini. Milcah aliwaandalia wakubwa tisa: aliiosha, akaipiga polishi, akaachilia breki, kisha akaenda kusimama kando ya ukuta. Yeye alijua hatavutwa. Aliniambia, "Mama, usijisumbue kuja. Sajini hutoka na begi lake." Nilijua inamuuma. Nikavaa gauni langu la kanisa nikaenda.

Kumbe mafundi walikuwa wameomba ruhusa kwa Meja Kinyanjui, naye akakubali. Wakampandisha Milcah nyuma, kumi na wawili wakashika kamba, Koplo Haron akakaa kwenye usukani. Wakavuta. Gari halikusonga. Wakavuta tena, jasho tupu.

"Haron," Milcah akasema polepole, "breki."

Miaka hiyo yote aliyeiachilia ni yeye, kwa hivyo hakuna mwingine aliyeikumbuka. Na tayari alikuwa ameinua mguu ashuke akaifanye mwenyewe.

"Sajini, rudi juu," Meja akamwambia. "Leo si kazi yako."

Akarudi. Haron akaachilia breki, na mtoto wangu akavutwa mpaka getini amesimama wima, mimi nyuma nikipiga vigelegele hadi askari wa geti akatoa saluti.

Meja na mafundi wote, asanteni sana. Na wewe Milcah, tunakuombea miaka mingi yenye afya. Ukipikiwa chai, kaa uinywe.